Timu ya Kuazima: Pawtucket na Miaka Yake ya Besiboli

Mwaka 2025, wakati katapila zilipokuwa zikibomoa Uwanja wa McCoy, uliokuwa wa timu ya ligi ndogo ya besiboli iitwayo Pawtucket Red Sox, katika mji wa Pawtucket, jimbo la Rhode Island, Marekani, nilisimama kwenye uzio pamoja na watu wachache waliokuja kutazama. Pembeni yangu bibi mmoja alikuwa amemshika mjukuu wake mkono, akimwonyesha mahali ambapo alipokuwa msichana alizoea kuteremsha chupa ya maziwa kwa kamba. Pale McCoy mabenchi ya wachezaji yalijengwa chini ya jukwaa, usawa na nyasi, kwa hiyo shabiki aliyekaa juu hakuweza kumfikia mchezaji. Watoto walikuwa wakikata tundu kubwa ubavuni mwa chupa ya plastiki, wakitia ndani mpira na kalamu, kisha wakiishusha taratibu. Mchezaji alitia saini, akaitikisa kamba, na mtoto akaipandisha chupa.

Mjukuu aliuliza ni wachezaji gani waliomtilia saini. Bibi alitaja majina mawili, akasema kwamba hakuna hata mmoja wao aliyefika ligi kuu.

Alisema hivyo kwa fahari, na fahari hiyo ndiyo iliyonisumbua kwa wiki kadhaa.

Namna ligi ndogo inavyoendeshwa

Msomaji aliyezoea soka anaweza kudhani kwamba timu ya ligi ndogo ya besiboli ni timu ya daraja la chini inayopigania kupanda. Sivyo ilivyo. Timu hizi hazipandi wala hazishuki. Kila moja imefungamanishwa na timu ya ligi kuu, na timu hiyo kubwa ndiyo inayowaajiri wachezaji na makocha, inayowalipa, na inayoamua nani apandishwe leo na nani arudishwe kesho. Mwenye timu ndogo hubaki na uwanja, tiketi, chakula, matangazo, na kazi ya kuwafanya watu waje. Mpigaji wake bora anaweza kuitwa asubuhi akaondoka kabla ya mechi ya jioni, katikati ya mbio za ubingwa, na hana mtu wa kumlalamikia.

Kwa hiyo kila mchezaji mwenye ndoto anataka kuondoka, na akiondoka upesi ndivyo mpango mzima unavyohesabiwa kuwa umefaulu. Hata ushindi wenyewe ni jambo la pili. Mrushaji, yaani yule anayewarushia wapigaji mpira, anaweza kuachwa aendelee kurusha ingawa wapinzani wanaipiga mipira yake kwa urahisi, kwa sababu wakubwa wake wanataka kuona atakavyojikwamua.

Wanaobaki ni watazamaji, wauza tiketi, wapanda nyasi na watoto wenye chupa zao. Naona historia ya timu ya namna hii haina budi kuandikwa kwa kuwafuata hao, kwa maana wachezaji ni wapita njia.

Mji wa nyuzi

Pawtucket ni mji ambao wanahistoria wengi wa Marekani huutaja kama mahali ambapo mapinduzi ya viwanda yalianza nchini humo. Samuel Slater, Mwingereza aliyekuja na ujuzi wa mashine za kusokota pamba, aliyafanya maji ya mto Blackstone yaendeshe kiwanda, na jengo lililojengwa mwaka 1793 lingali limesimama. Karne moja na nusu baadaye viwanda vya nguo vilikuwa vimekwisha kuanza kuhamia kusini, na meya Thomas McCoy akaamua kujenga uwanja mkubwa juu ya kinamasi. Wakati huo serikali ya Rais Roosevelt ilikuwa ikitoa fedha za kuwapa kazi waliokosa ajira, na ujenzi ukaanza kwa fedha hizo mwaka 1938. Kazi ilikwenda kwa shida kwa sababu kinamasi kilikuwa kikimeza vifaa na pesa. Uwanja ulikamilika mwaka 1942, nchi ikiwa vitani.

Mwaka 1946 ukapata timu yake, nayo ikaitwa Pawtucket Slaters kwa heshima ya mzee wa pamba. Iliandaa wachezaji kwa ajili ya Boston Braves, ikicheza katika ligi ya New England, ligi ile ile ambamo mwaka huo huo Roy Campanella na Don Newcombe, wachezaji weusi wawili, walivaa jezi ya Nashua wakati ambapo besiboli ya kulipwa ndiyo kwanza ilikuwa ikianza kuufungua mlango wake kwa watu weusi. Ligi hiyo ilivunjika baada ya msimu wa 1949. Timu iliyofungamanishwa na Cleveland ilikuja mwaka 1966, ikakaa misimu miwili, ikaondoka.

Kisha, mwaka 1970, ikaja ile iliyobaki.

Pawtucket Red Sox, ambayo watu wake waliifupisha kuwa PawSox, ilianza katika daraja la pili la ligi ndogo na kupanda mwaka 1973 hadi Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu. Mpandisho huo haukutokana na matokeo uwanjani, kwani Boston Red Sox, timu ya ligi kuu iliyofungamanishwa nayo, iliamua tu kuihamishia hapo timu yake ya ngazi ya juu. Jim Rice alipitia hapo, akaenda Boston na hatimaye akaingia katika Jumba la Mashujaa la besiboli. Hata hivyo majina makubwa hayalipi bili, na kufikia mwisho wa mwaka 1976 timu ilikuwa imefilisika.

Ben Mondor

Aliyeichukua mwaka 1977 alikuwa mfanyabiashara mstaafu wa viwanda vya nguo, mzaliwa wa Quebec aliyekulia Woonsocket, mji jirani wa viwanda. Ben Mondor hakuwa mtu wa besiboli. Alikuwa mtu aliyeyajua maisha ya wafanyakazi wa viwandani, na naamini ujuzi huo ulimfaa kuliko ule wa mchezo.

Msimu wake wa kwanza ulikuwa mgumu kwa namna ya pekee: timu iliongoza msimamo wa ligi, lakini watazamaji wa mwaka mzima walikuwa kama 70,000 tu. Watu walikuwa wamechoshwa na uwanja mchafu na wamiliki wasiolipa madeni. Mondor, pamoja na Mike Tamburro aliyekuwa meneja wake mkuu, walianza na mambo ambayo hayaandikwi kwenye kurasa za michezo. Walisafisha vyoo. Walipaka rangi. Walishusha bei ili baba anayefanya kazi kiwandani aweze kuleta watoto wake wote, wakafukuza ulevi na matusi. Mwaka 2005 watazamaji walikuwa 688,421, katika mji wenye wakazi wapatao 70,000.

Naitazama tarakimu hiyo kwa heshima, kwa sababu haikuletwa na nyota yeyote. Nyota walikuwa wakiondoka kila mwaka kama kawaida.

Usiku wa kuamkia Pasaka

Jumamosi ya tarehe 18 Aprili 1981, PawSox ilikuwa ikicheza na Rochester Red Wings. Taa za uwanja zilileta hitilafu, mechi ikachelewa kwa karibu nusu saa, na ilipoanza kulikuwa na watazamaji 1,740. Ilikuwa baridi kali, na upepo ulivuma kutoka ng'ambo ya uwanja ukiwaelekea wapigaji, hata mipira iliyopigwa kwa nguvu ikarudishwa mikononi mwa wadakaji.

Besiboli ina raundi 9, na katika kila raundi kila timu hupata zamu moja ya kupiga. Anayepiga hukimbia kituo hadi kituo, na akirudi pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani, timu yake hupata pointi moja. Zikifungana, huongezwa raundi moja moja mpaka mmoja ashinde. Rochester ilitangulia kwa pointi moja katika raundi ya 7, na Pawtucket ikasawazisha katika raundi ya 9. Usiku ukaendelea. Katika raundi ya 21 Rochester ilipata pointi ya pili, ikaonekana kwamba mambo yamekwisha. Lakini zamu ya Pawtucket ilipofika, mchezaji wa kituo cha tatu aliyeitwa Wade Boggs alipiga mpira uliomleta mwenzake nyumbani, na matokeo yakawa 2 kwa 2. Baadaye Boggs alisimulia kwamba hakujua kama wenzake walitaka kumkumbatia au kumtandika.

Ligi ilikuwa na kanuni ya kuzuia raundi mpya isianze baada ya saa 6:50 usiku. Katika nakala waliyopewa waamuzi mwaka huo, kanuni hiyo haikuwamo. Mwamuzi mkuu alifuata maandishi aliyokuwa nayo mkononi, na watu wakaendelea kucheza. Wachezaji walivunja magongo na mbao za mabenchi wakaziwasha ndani ya mapipa ili wapate joto. Chakula kiliisha. Viongozi walipiga simu tena na tena kumtafuta rais wa ligi, Harold Cooper, na alipopatikana aliamuru mechi isimamishwe mara raundi iliyokuwa ikichezwa itakapokwisha.

Ilikuwa saa 10 na dakika 7 alfajiri ya Pasaka. Raundi 32 zilikuwa zimechezwa, na matokeo yalikuwa bado 2 kwa 2.

Jukwaani walikuwa wamebaki watu 19.

Mechi ilimaliziwa tarehe 23 Juni. Wachezaji wa ligi kuu walikuwa katika mgomo, nchi nzima haikuwa na besiboli nyingine kubwa ya kutazama, na waandishi wa habari wakamiminika Pawtucket. Watazamaji walikuwa 5,746. Kilichobaki kilichukua dakika 18. Katika raundi ya 33, vituo vyote vikiwa vimejaa, Dave Koza alipiga mpira kushoto, Marty Barrett akaingia nyumbani, na Pawtucket ikashinda 3 kwa 2. Jumla ya muda wa mchezo ilikuwa saa 8 na dakika 25, na hakuna mechi ya besiboli ya kulipwa iliyowahi kufikia urefu huo.

Boggs wa Pawtucket na Cal Ripken Jr. wa Rochester, ambaye naye alikuwa kwenye kituo cha tatu usiku ule, wote wawili wako katika Jumba la Mashujaa. Koza, aliyeimaliza mechi, hakucheza hata siku moja katika ligi kuu.

Mwanzoni nilidhani wale 19 walibaki kwa sababu walijua wanaona historia. Nikiwaza zaidi naona haiwezekani. Historia hiyo ilijulikana baadaye, wakati magazeti yalipokuja. Saa 9 usiku walichokuwa wakikiona ni vijana waliochoka, wengi wao wakiwa hawana tumaini kubwa la kufika mbali, wakirusha mpira gizani katika mji ambao viwanda vyake vinafungwa. Walikaa kwa sababu mechi haijaisha na wachezaji walikuwa bado uwanjani. Kwangu mimi, huo ndio msingi wa fahari ya yule bibi kwenye uzio.

Fedha za nani?

Mondor alifariki mwaka 2010. Mwaka 2015 timu iliuzwa kwa kundi la wawekezaji wakiongozwa na James Skeffington na Larry Lucchino, huyu wa pili akiwa rais wa Boston Red Sox. Wamiliki wapya walitangaza mara moja kwamba McCoy imechakaa na kwamba wanataka uwanja mpya mjini Providence, kilomita chache kutoka pale. Skeffington alifariki ghafla mwezi Mei mwaka huo huo, na mpango wa Providence ukafa.

Ukaja mpango wa pili: uwanja wa dola milioni 83 katikati ya Pawtucket, karibu na kiwanda cha Slater, ambapo jimbo na mji zingetoa dola milioni 38. Seneti ya jimbo iliukubali mwanzoni mwa mwaka 2018. Baraza la Wawakilishi, chini ya Spika Nicholas Mattiello, likaubadilisha ili walipa kodi wasiwe wadhamini wa moja kwa moja wa deni, jambo ambalo lingeongeza gharama za kukopa. Toleo hilo likapitishwa mwezi Juni. Tarehe 17 Agosti 2018 timu ilitangaza kwamba inahamia Worcester, Massachusetts.

Hapa ndipo mawazo yangu yalipokwama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Moyo wangu ulikuwa tayari upande wa mashabiki. Lakini nilipoanza kusoma kuhusu mwaka ule, nilikuta kwamba hospitali ya Memorial ya Pawtucket ilifunga milango yake mwanzoni mwa mwaka 2018, miezi ile ile ambayo wabunge walikuwa wakijadili uwanja. Shule za mji zilikuwa chakavu. Rhode Island ilikuwa pia na jeraha lake, kwani miaka michache kabla ya hapo ilikuwa imedhamini mkopo wa dola milioni 75 kwa kampuni ya michezo ya kompyuta iliyoanzishwa na Curt Schilling, mrushaji wa zamani wa Boston, na kampuni hiyo ikafilisika mwaka 2012. Mtu aliyesema hapana mwaka 2018 hakuwa mtu asiyeipenda timu. Inawezekana kabisa kwamba wapo waliosema hapana ambao utotoni waliteremsha chupa za maziwa kwa kamba.

Kisha jambo likawa gumu zaidi. Baada ya besiboli kuondoka, Pawtucket iliingia katika mradi wa uwanja mpya kando ya mto, safari hii wa soka, kwa ajili ya timu ya Rhode Island FC. Fedha za umma zimetumika humo kwa mamilioni, na uwanja ulifunguliwa mwaka 2025, mwaka ule ule McCoy ilipobomolewa. Mimi ni mtu wa soka tangu utoto na ningepaswa kufurahi. Najiuliza tu hoja za mwaka 2018 zilikwenda wapi.

Msimu ambao haukuchezwa

Mpango ulikuwa kwamba msimu wa 2020 uwe wa kuaga. Ungekuwa msimu wa 51 wa timu iliyoanza mwaka 1970, na watu walikuwa wamenunua tiketi za mechi za mwisho. Ugonjwa wa Uviko ukaufuta wote. Boston iliutumia uwanja kuwaweka wachezaji wake wa akiba, nao wakafanya mazoezi mbele ya viti vitupu.

Timu ikaweka meza juu ya nyasi na kuuza chakula cha jioni, kila familia kwenye meza yake, mbali na nyingine. Watu walikuja kwa wingi. Walikula pale ambapo kwa miaka yote hawakuruhusiwa hata kukanyaga, watoto wakakimbia kuzunguka vituo. Nimeziona picha nyingi za jioni hizo, na huwa naziangalia kwa muda mrefu. Mashabiki walikuja hata pale ambapo hapakuwa na timu wala mechi wala mchezaji. Hoja iliyomo katika kichwa cha makala haya, kwamba timu hii ilikuwa ya kuazima na haikuwa yao, inaanza kulegea ninapoziangalia. Mchezaji alikuwa wa Boston, jina lilikuwa la Boston, leseni ilikuwa ya ligi. Lakini kuja kwenyewe kulikuwa kwao.

Mwaka 2022 wapiga kura wa Pawtucket waliidhinisha dola milioni 330 za kujenga shule ya sekondari ya pamoja katika kiwanja cha McCoy. Kama ningekuwa mkazi ningeipigia kura ya ndiyo bila kusita. Ombi langu ni dogo: humo ndani yawepo maandishi yanayowaeleza wanafunzi kuhusu tarehe 18 Aprili 1981, na yaanze na wale 19 kabla ya Boggs na Ripken.

Worcester

Uwanja wa Polar Park ulifunguliwa tarehe 11 Mei 2021, ukiwa umegharimu takriban dola milioni 160, sehemu kubwa ikiwa deni la jiji. Ni uwanja mzuri, na Worcester, jiji la viwanda lililopata tabu zile zile za Pawtucket, lilikuwa na haki ya kuutaka. Katika majukwaa yake utasikia lugha nyingi, maana wahamiaji kutoka Ghana, Kenya na Kongo ni wengi huko.

Hata hivyo mfumo wenyewe umebadilika. Kabla ya msimu wa 2021 ligi kuu ilizichukua ligi ndogo chini ya mamlaka yake na kupunguza timu kutoka 160 hadi 120, na miji kadhaa midogo ikabaki na viwanja bila timu. Katika mabadiliko hayo lipo jema moja, ingawa wachezaji walilipigania wenyewe: walijiunga na chama mwaka 2022, na mkataba wao wa kwanza wa pamoja, wa mwaka 2023, uliweka mshahara wa chini wa Triple-A kuwa dola 35,800 kwa mwaka. Mwishoni mwa mwaka huo wa 2023 ikatangazwa kwamba timu ya Worcester inauzwa kwa Diamond Baseball Holdings, kampuni inayomiliki makumi ya timu za ligi ndogo kote nchini. Lucchino, aliyeihamisha kutoka Pawtucket, alifariki mwezi Aprili 2024.

Wakazi wa Worcester wanaolipa kodi wana la kuwauliza madiwani wao, na wangefanya vizuri kuuliza mapema kuliko Pawtucket ilivyouliza. Deni la uwanja ni la miongo. Leseni ambazo ligi kuu ilizigawia timu ndogo zake mwaka 2021 ni za miaka 10.